Pointi 65 ni kama C+ tu

Kila nikipita Kondele naona bango lingine: fikisha pointi 65, Australia inakungoja. Hapana, omera. Haikungoji.

Ulifanya KCSE, kwa hivyo hii utaielewa haraka. C+ ndiyo alama ya chini ya kusomea digrii. Je, kila mwenye C+ alipata udaktari Maseno? KUCCPS huwapanga watu kwa pointi za klasta, wa juu wanachukuliwa kwanza, na nafasi zikiisha zimeisha. Australia ni hivyo hivyo. 65 inakuruhusu tu kuingia kwa foleni, na mbele ya foleni wako wenye pointi nyingi.

Tuhesabu. Uko na miaka 26: pointi 30. Digrii, 15. IELTS 7 katika kila sehemu, 10. Huna mke wala mume, 10 (ndiyo, huko upweke unalipa). Hiyo ni 65 kamili. Ukifanya kazi ya fani yako hapa Kenya miaka mitatu, ongeza 5. Jimbo likikuteua kwa visa ya 491, ile ya maeneo nje ya Sydney, Melbourne na Brisbane, unapata 15 zingine.

Hapo kwa 15 ndipo ajenti hunyamaza. Haziko mfukoni mwake. Kila jimbo lina masharti yake na kazi linazozitaka, na mengine hutanguliza watu ambao tayari wanaishi huko. Nyinyi wawili mnaweza kuwa na pointi sawa, muuguzi akaitwa, wewe ukabaki. Halafu 491 yenyewe ni ya miaka mitano. Ukaaji wa kudumu unauomba baadaye, ukishakaa huko mitatu.

Kinachoniudhi ni pesa. Kuweka jina SkillSelect, mfumo wa serikali yao, ni bure. IELTS na tathmini ya ujuzi utalipia, sawa, lakini ada ya visa hulipwa baada ya kualikwa. Sasa mbona mzazi auze ng'ombe eti mtoto "afunguliwe faili"? Mwaka 2023 tuliona wazazi wakiandamana Eldoret, wakidai pesa walizolipia mpango wa kaunti wa masomo ya Finland na Canada.

Kabla utoe hata shilingi, muulize ajenti: ni jimbo gani, na kazi yangu wanaitaka mwaka huu? Akianza kukuonyesha picha za Sydney, mkumbushe 491 haikupeleki Sydney.