Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Kilifi
KUH: MGONJWA NDIYE ACHAGUE NJIA YA KUZUNGUMZA

Mheshimiwa Waziri,



Tangu makaburi ya Shakahola, ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa, yaanze kufukuliwa Aprili 2023, ikatolewa miili zaidi ya 400, sijamsikia mtu wa kaunti hii akiuliza kama afya ya akili ni kazi ya serikali. Lililobaki ni namna ya kuwafikia watu. Kutoka Bamba au Marafa hadi kwa daktari wa akili ni safari na nauli, ndiyo maana ushauri nasaha wa simu na intaneti unapigiwa debe. Nauunga mkono. Ila njia ya mawasiliano nayo huponya au huumiza, na mara nyingi anayeichagua ni mtoa huduma.

Chukua dodoso la PHQ-9 linalotumika kupima sonona. Lina maswali 9, kila jibu alama 0 hadi 3, na la mwisho lauliza kama huwaza kwamba heri ufe. Mtumie mama wa kijijini kwa ujumbe, huenda akabonyeza 0 bila nia ya kudanganya. Kwetu mtu huanza na sijambo, akaulizia watoto, mvua na shamba, ndipo aseme kichwa chamwanga, usingizi hauji, moyo wamwenda mbio. Msikilizaji mzoefu humngojea hapo. Dodoso halingoji.

Kuna pia suala la simu ni ya nani. Mwanamke mmoja nimjuaye hutumia simu ya mumewe, na ndiyo aliyojisajili nayo kwa huduma moja ya ushauri. Jioni moja simu iliwaka mkekani mbele ya mawifi zake: "Mpendwa mteja, kikao chako cha msongo wa mawazo ni kesho saa nne." Hakuhudhuria kikao hicho wala kingine.

Tena maandishi hubaki. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu chakiuka Katiba, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Nani angeliandika wazo hilo kwenye simu, na ujumbe ni ushahidi? Mahakama imesema, lakini woga wa miaka mingi hautoki kwa hukumu moja.

Sisemi sauti ndiyo bora kwa kila mtu. Kijana anayelala chumba kimoja na ndugu zake hawezi kumweleza mshauri yaliyomo moyoni huku wakimsikia. Yeye kuandika ndiko kunakomfaa, na kiziwi hali kadhalika. Lakini akiandika usiku wa manane, akaona alama mbili za buluu kwamba ujumbe umesomwa, kisha kimya hadi asubuhi, hatadhani mshauri amezidiwa na kazi. Atajua amepuuzwa, naye tayari alijiona mzigo. Video nayo hula bando, na mtandao ukilegea, uso wa mshauri huganda pale pale mgonjwa anapoanza kulia.

Kwa hivyo naomba mambo manne:

1. Siku ya kwanza mgonjwa aulizwe: sauti, maandishi, video au ana kwa ana? Kiswahili, Kigiriama au lugha nyingine? Simu ni yako peke yako? Saa ngapi uko huru? Na aruhusiwe kubadili.

2. Huduma ya maandishi itaje jibu litakuja lini, na saa ambazo hakuna mshauri impe mgonjwa nambari ya bure ya kupiga, kama 1199 ya Msalaba Mwekundu.

3. Vikumbusho visitaje maradhi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

4. Kila zahanati itenge chumba chenye mlango unaofungika, na simu ndani yake. Sisi wahudumu wa afya ya jamii tuna simu za kazi, lakini tu majirani pia, na yapo mambo mtu hamwambii jirani.

Barua hii unaweza kuijibu kwa simu, kwa maandishi, au utuite ofisini. Hiari ni yako. Wagonjwa wetu wanaomba hiari hiyo hiyo.

Wako mtiifu,
Mhudumu wa afya ya jamii,
Malindi