Enka yako si mali ya klabu!

Vijana wangapi wa mchangani walikuwa moto wa kuotea mbali, na leo wamebaki kijiweni wakisimulia? Ukiwauliza, jibu ni moja: enka. Mchezaji anatenguka, viongozi wanamnunulia dawa ya kuchua, wanamfunga bandeji na Jumapili wanamrudisha uwanjani. Akitenguka mara ya tatu, wanatafuta mwingine. Huu ni unyonyaji, tuuite kwa jina lake!

Tuelewane. Enka ikikunjika kwa ndani, zinazoumia kwanza ni ligamenti za upande wa nje, nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Wengi hupona bila kisu, mradi wapewe muda na mazoezi ya tiba: kusimama kwa mguu mmoja, kuimarisha misuli ya pembeni. Anayetaka kukupasua wiki ya kwanza kwa mtenguko wa kawaida, muulize maswali.

Lakini kama umefanya mazoezi miezi mitatu hadi sita na enka bado inakusaliti hata ukishuka daladala, hapo operesheni ina nafasi yake. Inayofikiriwa kwanza ni ya Broström, daktari wa Sweden aliyeieleza mwaka 1966: ligamenti yako iliyolegea inakazwa na kushonwa mahali pake. Mwaka 1980 Gould akaongeza utando wa jirani kuipa nguvu. Ligamenti ikiwa imechakaa kabisa, daktari huweza kupandikiza kano kutoka kwingine mwilini, kwa mfano nyuma ya paja. Zile za zamani, kama ya Evans ya mwaka 1953, zilitumia kano ya msuli unaoilinda enka hiyo hiyo. Ni kuziba tundu kwa kutoboa jingine!

Na ukishapasuliwa, usidanganywe kwamba utacheza baada ya wiki mbili. Ni miezi, na mazoezi ya tiba yanaanza upya.

Mabingwa wa mifupa tunao. Taasisi ya MOI pale Muhimbili ilianzishwa mwaka 1996. Swali ni nani atalipa. Viongozi wanaogawana mapato ya mlangoni wanajua jibu, ila wamenyamaza. Kwa hiyo, kijana, kabla ya kusaini uliza: nikitenguka, nani atagharimia vipimo, mazoezi, operesheni na ugali wangu miezi yote hiyo? Wasipoliandika kwenye mkataba, rudisha kalamu yao mezani.