Wakili, Dalali na Fidia ya Aliyeumia Kazini

Neno "kibarua" tunalitumia kila siku pasi na kulitafakari. Asili yake ni barua. Katika miji ya pwani, karne ya kumi na tisa, mtu wa kazi ya kutwa alipewa kijikaratasi, yaani barua ndogo, na kwa kijikaratasi hicho alidai ujira wake. Hivyo basi, tangu enzi hizo haki ya mfanyakazi wa pwani imekaa ndani ya karatasi, na anayeweza kuisoma karatasi ndiye mwenye nguvu.

Nimeikumbuka asili hiyo kwa sababu ya mzee mmoja, jirani yangu hapa Kibokoni, Mji wa Kale. Mzee huyo alikuwa mpakuzi wa mizigo, akaumia mkono kazini na kupoteza vidole viwili. Miaka michache iliyopita alinijia baada ya sala ya alasiri akiwa na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. "Mwalimu," akaniambia, "nisomee hii kabla sijatia sahihi." Karatasi ilisema kwamba mtu atakayeshughulikia madai yake angechukua theluthi ya fedha zitakazopatikana, pamoja na gharama. Nilimfasiria neno kwa neno. Akashukuru, akatia sahihi. Fedha zilipotoka, theluthi ilikwenda, kisha "gharama" zikafuata, na kilichobaki hakikufika hata nusu.

Mkataba ule haukuwa na neno hata moja nililolifasiri visivyo. Hata hivyo, nilifasiri maneno bila ya kufasiri maana. Sikumwuliza mzee: ni kazi gani itakayofanywa kwa theluthi hiyo? Je, kazi hiyo hungeweza kuifanya mwenyewe bila ya malipo? Mimi niliyesomea lugha hata nikapewa shahada ya uzamifu, nilikuwa sijaisoma sheria yenyewe. Nimeisoma baadaye, nami naona ni wajibu wangu kuwaeleza walimu na wanafunzi, kwa maana ninyi ndio mnaoletewa karatasi kama hizo mitaani.

Sheria inayohusika ni ile ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Inawahusu waajiriwa wote, wakiwemo wa serikali, ila wanajeshi. Kwa mujibu wa sheria hiyo, aliyeumia haanzii mahakamani. Madai yake hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, daktari hukadiria ulemavu kwa asilimia, na fidia ya ulemavu wa kudumu hupigiwa hesabu kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Mwajiri au kampuni ya bima hutakiwa kulipa katika muda wa siku 90 tangu madai yawasilishwe. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi. Mkurugenzi ana siku 14 za kujibu. Na asiyeridhika na jibu hilo ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Utaratibu huu ulipingwa na mawakili wenyewe. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilivibatilisha baadhi ya vifungu vyake. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikavirejesha vingi. Na mnamo Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba ni halali kwa madai kuanzia kwa Mkurugenzi. Kwa hakika lengo ni jema, nalo ni kumwezesha mnyonge kulipwa bila ya kesi. Katika hatua ya kwanza, kwa mujibu wa sheria, haihitajiki wakili hata kidogo. Kinachohitajika ni fomu, ripoti ya daktari, na mtu mwaminifu wa kuzisoma.

Sasa na tutazame hesabu. Tuchukulie mfanyakazi mwenye mapato ya shilingi 15,000 kwa mwezi. Miezi 96 ni shilingi 1,440,000. Ikiwa daktari atakadiria ulemavu wa asilimia 10, fidia ni shilingi 144,000. Theluthi yake ni shilingi 48,000, yaani zaidi ya mshahara wa miezi mitatu. Ikiwa aliyezichukua hakufanya ila kujaza fomu na kuipeleka ofisini, basi huo si ujira. Ni ushuru uliotozwa juu ya vidole vya mtu.

Msomaji atauliza: je, serikali haikulizuia jambo hili? Imelizuia, na hapo ndipo penye kitendawili. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili hakiutambui mkataba ambao wakili wa kesi atalipwa pale tu atakaposhinda, wala ule unaobadilisha malipo yake kwa kutegemea kushinda au kushindwa. Aidha, asiye wakili haruhusiwi kufanya kazi ya uwakili. Lakini maskini hana fedha za kutanguliza, na anayemsaidia hataki kufanya kazi bure. Kwa hiyo makubaliano ya mafungu yanafanywa chini kwa chini. Na kwa kuwa yamepigwa marufuku, hayana kiwango cha juu wala msimamizi, na aliyedhulumiwa haendi kushtaki kwa kuwa yeye mwenyewe alitia sahihi.

Wenzetu wa Marekani wamelipitia jambo hili kwa muda mrefu. Baada ya mawakala kuwanyonya askari waliojeruhiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge la huko liliweka kikomo mwaka 1864: dola 10 kwa dai moja, basi. Kikomo hicho kilidumu kwa zaidi ya miaka 120, na mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikihalalisha. Kilimlinda askari asinyonywe, lakini pia kiliwafukuza mawakili, hata mwenye dai gumu akabaki kutegemea vyama vya askari wastaafu vilivyomsaidia bure. Mwaka 1988, na tena 2006, sheria ililegezwa. Hivi sasa kuandaa dai la kwanza hakulipishwi. Malipo yanaruhusiwa baada ya mdai kuarifiwa uamuzi wa kwanza. Asilimia 20 ya malimbikizo huchukuliwa kuwa ni haki, na zaidi ya theluthi huchukuliwa kuwa ni dhuluma mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata hivyo, mwaka huo huo wa 2006 adhabu ya jinai iliondolewa, na leo yapo makampuni yasiyo na kibali yanayotoza watu kwa dai la kwanza. Sheria isiyo na meno haimng'ati mtu.

Hapa kwetu pia upo mfano wa kutafakari. Mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 katika madai ya Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau. Gharama za mawakili zilitajwa waziwazi kuwa ni sehemu ya jumla hiyo, zikabebwa na mdaiwa. Lakini mwaka 2018 kesi nyingine, ya Wakenya zaidi ya 40,000, ilitupwa na mahakama ya London, na wazee wale wakarudi mikono mitupu. Anayekubali kulipwa baada ya ushindi tu anajitia katika hatari, na ni haki hatari hiyo ipewe thamani. Swali ni kiasi gani, na nani anayekipima.

Kuna wanaoshikilia kwamba tukiruhusu mafungu mawakili watawasaka majeruhi hospitalini. Hofu hiyo ina msingi, ila wanasahau kwamba wasakaji wapo tayari. Wengine husema kila mtu aachwe aandikiane mkataba na amtakaye. Hao nao wanasahau kwamba mkataba baina ya anayejua na asiyejua, kwa lugha ya anayejua, hauna hiari ya kweli.

Kwa maoni yangu njia ni hii. Kwanza, dai la mwanzo kwa Mkurugenzi lisilipishwe na mtu yeyote, na atakayelipisha aadhibiwe. Pili, katika pingamizi na rufaa, fungu liruhusiwe kwa kiwango cha juu kilichotajwa na sheria, nalo litokane na nyongeza iliyopatikana kwa juhudi ya wakili, si na kile ambacho mfanyakazi alikwisha kupewa. Tatu, fidia ilipwe moja kwa moja kwa aliyeumia, na ujira wa wakili uidhinishwe na Mkurugenzi au mahakama. Nne, wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 wafikishwe mitaani. Tano, kila mkataba uandikwe kwa Kiswahili pia. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimeifanya lugha hii kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Na kifungu cha 48 kinasema kwamba ada yoyote inayotozwa katika kutafuta haki iwe ya kadiri, isimzuie mtu kuifikia haki hiyo.

Namalizia kwa maneno, maana ndiyo kazi yangu. Wakili, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mtu uliyemkabidhi jambo lako kwa kumwamini. Dalali naye, ambaye neno lake ni la ukoo mmoja na dalili, ni mwonyesha njia anayechukua fungu katika kila kinachouzwa. Zote mbili ni kazi halali. Lakini fidia si bidhaa ya mnadani. Wazee walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Siku hizi jirani yangu hunisalimu kwa mkono wake wa kushoto, wala hajanilaumu hata siku moja. Nawe mwalimu, nawe mwanafunzi, utakapoletewa karatasi barazani, usikomee kwenye kufasiri. Uliza: theluthi ya nini?