Uza Hiyo Pampu, Nunua Filta

Chungulia nyuma ya kiti cha pikapu za dizeli zinazokwenda mashambani na machimboni. Zipo zinazobeba pampu ya mafuta ya mtumba, imeviringishwa kwenye kiroba, eti akiba. Mwenye gari huitaja kwa fahari. Mwulize filta ya dizeli ilibadilishwa lini, hapo ataanza kumwangalia dereva.

Pampu hiyo haitamwokoa porini. Kwenye Land Cruiser ya injini ya 1HZ, au Hilux za zamani za 2L na 5L, pampu kubwa huzungushwa na mkanda wa taimingi na lazima ikae kwenye alama zake. Ikipishana, gari linafuka moshi, linagonga au haliwaki kabisa. Na kabla ya kufungwa, pampu ya mtumba inatakiwa ipimwe kwenye mashine ya fundi pampu. Nani ana mashine hiyo kando ya barabara, saa tatu usiku, mvua inanyesha? Tena ikikaa mwaka mzima bila dizeli ndani, inashika kutu.

Kinachoua pampu hizi kinajulikana. Hulainishwa na dizeli hiyohiyo inayopita ndani yake. Maji yakiingia, ulainisho unapungua na kutu inaanza. Mafuta ya taa yanayochanganywa kwenye dizeli nayo ni mepesi mno kwa kazi hiyo. Tanzania ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, yote hayo kupambana na uchakachuaji. Vizuri. Lakini hakuna ofisa wa serikali atakayekuja kukufungulia koki ya filta.

Ndiyo, koki. Kwenye pikapu nyingi ipo chini kabisa ya filta. Zima injini, kinga chombo, ilegeze, kisha sukuma pampu ndogo ya mkono iliyo juu. Maji yatatangulia, dizeli safi itafuata, unakaza. Hiyo ni kazi ya dakika chache. Taa ya filta ikiwaka kwenye dashibodi, mara nyingi inaomba hicho tu. Wapo madereva wanaoibandika utepe mweusi isiwasumbue usiku, na mabosi zao wanaona.

Halafu kuna hii tabia ya kupuliza filta kwa kompresa na kuirudisha. Karatasi ya ndani ikichanika, hiyo si filta tena, ni kopo. Kwenye Hilux za D-4D mchezo huo ni ghali zaidi, maana mfumo wake husukuma dizeli kwa mgandamizo unaopita baa 1,000, wakati tairi lako lina baa mbili na ushee. Pampu ya namna hiyo ikijisaga, chembe za chuma huingia kwenye reli ya mafuta na kwenye injekta. Hapo utafunga pampu mpya na bado ununue injekta nne, usafishe na mabomba.

Mafundi nao wapunguze haraka ya kuizika pampu. Gari lisilowaka asubuhi mpaka usukume pampu ya mkono, mara nyingi limechukua hewa: mpira umepasuka, klempu imelegea, au pampu ya mkono yenyewe inavuja. Funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu kubwa, washa, tazama mapovu. Kwenye D-4D, injini ikitetema au kuzimika bila kukanyagwa mafuta, kagua kwanza valvu inayopima dizeli inayoingia kwenye pampu. Valvu hiyo hubadilishwa peke yake. Fundi anayekuuzia pampu nzima bila kuigusa, mwombe ufunguo wako.

Kwenye maofisi ndiko kunakochosha zaidi. Ombi la filta linalala mezani wiki nzima likisubiri saini. Gari likizima njiani, fedha ya pampu inapatikana siku hiyohiyo. Anayeidhinisha hayo mawili ni mtu mmoja.

Akiba inayofaa inaenea kwenye mfuko wa rambo: filta mbili halisi, pampu ya mkono, kipande cha mpira wa mafuta, klempu na spana zake. Jaza tangi jioni, kwa sababu tangi lililo nusu hukusanya unyevu usiku. Ukinunua dizeli ya dumu, iache itulie, na kile cha chini kabisa usikimimine.

Mwenye pampu kwenye kiroba aiuze wiki hii, fedha aende nazo moja kwa moja dukani kwa filta.