Paa Lililovunjwa na Mvua ya Mawe Lisirudishwe Kama Lilivyokuwa
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Kibirizi

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii twaijua sote, na katika insha zetu twaiandika kila muhula. Lakini wengi wetu tukirudi nyumbani twalala chini ya paa lenye matundu, na mvua ikinyesha twasogeza kitanda. Nataka kusema machache juu ya jambo hili, maana masika iliyopita lilitufika nyumbani kwetu.

Mvua ya mawe si mgeni wa kila mwaka hapa ufukweni. Husikika zaidi kule juu, Buhigwe na Kasulu, kwa sababu barafu itokayo mawinguni huyeyuka njiani, na penye milima njia yake ni fupi. Lakini siku ile ilishuka hata Kibirizi, tena pamoja na upepo. Kabla chai haijachemka jikoni, mabati manane ya upande wa ziwani yalikuwa yameng'oka, na moja tulilikuta juu ya chanja ya dagaa ya jirani. Yaliyobaki yalikuwa yamebonyea kama sufuria kuukuu.

Asubuhi yake alikuja fundi. Alisema atayanyoosha mabati yale yale kwa nyundo, atayagongelea pale pale, na jioni tutalala. Bei yake ilikuwa ndogo. Mama alikubali, lakini baba alikataa. Fedha iliyokuwamo nyumbani ilikuwa ya kununulia wavu, na wavu ndio chakula chetu. Sifichi kwamba mimi nilikuwa upande wa mama. Leo nakiri kwamba nilikosea, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, bati lililobonyezwa na mawe limejeruhiwa hata kama halikutoboka. Rangi yake na ile ngozi ya zinki hupasuka, maji hutuama katika kishimo, na kutu huanza hapo. Nyundo haiponyi jeraha hilo, bali huliongeza.

Pili, tundu la zamani halishiki msumari. Upepo upitao juu ya paa hulivuta bati kwenda juu, na ule uingiao chini ya upenu hulisukuma. Kinacholizuia ni msumari, nao hauna budi kupigwa katika mbao nzima, juu ya mgongo wa bati wala si katika bonde lipitishalo maji, tena uwe na mpira wake. Na kenchi zenyewe zifungwe ukutani kwa waya au ukanda wa chuma. La sivyo paa zima litaondoka na misumari yake yote.

Tatu, ni habari ya geji. Wazazi wengi hudhani namba kubwa ni bati zuri. Sivyo. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 30, na la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Mwenye duka ajua. Mnunuzi asiyejua hulipa kwa furaha, kisha hulia masika. Rahisi ghali.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini tusirudi kwenye nyasi za wazee wetu? Ni kweli nyasi huyapokea mawe kwa upole, lakini huoza, na moto hauzioni mara mbili. Katika nyanda za juu za Kenya zamani nyumba nyingi ziliezekwa kwa vigae vya mbao za mwangati. Hivyo navyo hupasuka vikipigwa na mawe, na kila kilichopasuka hapana budi kubadilishwa. Hakuna paa lisilodai matunzo.

Wengine husema mvua ya mawe ni kudra ya Mungu, na mwanadamu hana la kufanya. Nawaheshimu, lakini sikubali. Mwezi Machi 2015, katika kijiji cha Mwakata, Kahama, mvua ya mawe na upepo iliua watu wasiopungua 40 katika usiku mmoja. Nyumba za udongo ziliwaangukia watu wakiwa ndani. Mvua ni kudra. Msumari ni kazi ya mkono. Paa likiondoka ukuta hulowa, na ukuta wa udongo ukilowa haumchagui mtoto wala mzee.

Najua jibu la mwisho: fedha hakuna. Tangu mwaka 2024, uvuvi ulipofungwa kutoka 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaana, kila nyumba ya Kibirizi yajua maana ya maneno hayo. Basi baba alifanya hivi: alinunua mabati ya geji 28 yaliyotosha sebule na chumba kimoja tu, akamtafuta fundi mwingine, akayaezeka kama ipasavyo. Vyumba vingine tulifunika turubai. Wavu haukununuliwa. Baba alivua katika mtumbwi wa watu kwa mgawo, na sisi watoto sita tulilala chumba kimoja. Haikuwa raha. Lakini mvua iliyofuata ilitukuta tumelala, na chumba cha tatu tumekiezeka juzi. Nusu ya paa imara yaweza kuongezwa. Paa zima bovu hurudiwa lote.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Wanafunzi wenzangu, likizo ya katikati ya mwaka ni kiangazi: simameni ndani mchana, mtazame juu. Mkiona nyota, mwambieni mzazi kabla ya Oktoba. Wazazi wetu, ulizeni geji kabla ya bei. Na walimu wetu, naomba siku moja mtupeleke nje tutazame paa la darasa letu, tuhesabu misumari, tujifunze nguvu za upepo kwa macho. Naamini hatutaisahau fizikia hiyo, wala aliyelala chini ya turubai hatasinzia katika kipindi hicho.