Mzigo wa Rafiki Usije Ukakufunga

Mpenzi msomaji, kama umewahi kupitia Salgaa usiku, katika barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, bila shaka unaijua sura ya mahali hapo. Malori yamejipanga kando ya barabara, mengi yakitoka Mombasa na kuelekea Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na hata Kongo. Madereva na matanboi wao hushuka kula, kunyoosha mgongo na kuiba usingizi kidogo kabla ya kuendelea na safari.

Ni katika kituo kama hiki ambapo jambo dogo huanza. Mtu mnayejuana juujuu tu anakujia na kifurushi kilichofungwa vizuri kwa gazeti. "Kaka, si unaelekea Malaba? Nifikishie hiki, mdogo wangu atakupokea." Anakutilia noti mbili mkononi, za chai. Wewe unaona ni wema tu, maana leo ni kwake, kesho ni kwako. Wala si madereva peke yao. Kijana anayekwenda kufanya kazi Uarabuni na mama anayemtembelea bintiye Marekani hupata ombi lilo hilo wakiwa tayari wamefunga mizigo.

Wengi wetu tumesikia vijiweni kwamba siku hizi bangi imeruhusiwa ng'ambo, kwa hivyo tunadhani hatari imepungua. La hasha! Sheria ya kwenu haikufuati safarini. Utahukumiwa kwa sheria ya mahali ulipokanyaga, na atakayehukumiwa ni yule aliyekutwa na mzigo.

Hebu tuanzie nyumbani. Hapa Kenya, sheria ya dawa za kulevya ya mwaka wa 1994, ambayo ilirekebishwa mwaka wa 2022, inahesabu hata msokoto mmoja wa bangi kuwa kosa. Mlanguzi hupewa kifungo kirefu zaidi, na gari lililobeba bangi hiyo laweza kutwaliwa na serikali. Basi fikiria dereva aliyepokea noti mbili, akapoteza kazi, uhuru na lori la tajiri wake kwa mpigo mmoja.

Tukivuka Malaba tunaingia Uganda. Mwezi wa Mei 2023, Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilifutilia mbali sheria ya dawa za kulevya ya mwaka wa 2015, kwa sababu wabunge waliipitisha bila kutimia idadi inayotakiwa. Walio wengi waliosikia habari hizo walidhani bangi sasa ni halali. Hawakusikia kwamba Bunge liliitunga upya sheria hiyo mwaka uo huo. Kampuni zenye leseni zaweza kulima bangi ya matibabu, lakini wewe na mimi hatuna leseni.

Tena, msomaji wangu, sheria hiyo mpya haikuisahau miraa. Jani hili ambalo kwetu ni zao halali, na ambalo dereva hulitafuna ili asisinzie njiani, ni kosa nchini Uganda kwa asiye na leseni. Tanzania nako, wanakoiita mirungi, miraa huhesabiwa kuwa dawa ya kulevya. Uingereza iliipiga marufuku mwaka wa 2014. Kifungu kimoja kilichosahaulika chini ya kiti chaweza kukulaza korokoroni.

Na huko kunakosemekana imeruhusiwa je? Nchini Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka wa 2018 kwamba mtu mzima anaweza kuvuta faraghani. Haikuruhusu biashara yake. Kanada iliihalalisha mwaka uo huo, lakini kuivusha mpakani, kuingia au kutoka, bado ni kosa la jinai. Marekani, majimbo mengi huiuza madukani, ilhali sheria ya taifa bado inaikataza, na mambo ya uhamiaji huamuliwa kwa sheria ya taifa. Mkenya ambaye si raia, hata mwenye grini kadi, akikiri mbele ya afisa wa uhamiaji kwamba amewahi kuivuta anaweza kuzuiwa kuingia, ajapokuwa aliinunua dukani na kupewa risiti.

Kwingineko mambo ni mazito zaidi. Mwaka wa 2008 Mwingereza mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 4 mjini Dubai kwa sababu ya chembe ya bangi ya gramu 0.003 iliyonasa katika soli ya kiatu chake. Singapore, anayelangua zaidi ya nusu kilo anakabiliwa na kitanzi. Mwezi wa Aprili 2023 mtu alinyongwa huko kwa ajili ya kilo moja hivi.

Nasi Wakenya tumeonja uchungu huo, ingawa haikuwa bangi. Mwezi wa Machi 2025, mahakama nchini Vietnam ilimhukumu kifo mwanamke Mkenya aliyekamatwa na zaidi ya kilo mbili za kokeini. Alijitetea kwamba alitumwa tu kupeleka sanduku na hakujua lililokuwamo. Mahakama haikukubali.

Basi tufanyeje? Funga mizigo yako mwenyewe na usiiache mikononi mwa mtu. Kagua mifuko ya nguo na koti uliloazima. Ukiletewa kifurushi, mwambie mwenyewe akifungue mbele yako. Akikataa, umeshapata jibu. Na ukikamatwa ugenini, omba ubalozi wa Kenya ujulishwe, maana hiyo ni haki yako chini ya Mkataba wa Vienna wa mwaka wa 1963. Ubalozi waweza kukutembelea na kuwaarifu jamaa zako. Kukufungulia mlango wa jela hauwezi.

Najua kukataa ni kugumu kwetu. Utaambiwa unaringa, kwamba una roho mbaya, kwamba umesahau ulikotoka. Kubali kuambiwa hayo. Rafiki akinuna leo, mtapatana mwezi ujao. Lakini watoto wako wakizoea kula bila wewe mezani, nani atawarudishia miaka hiyo?

Safiri salama, msomaji. Tukutane tena Jumapili ijayo, Mungu akipenda.