Mbavu Bila Darasa Hazifiki Mbali

Hapa Ganze, toka Bamba hadi Vitengeni, kijana akiota mabega mapana husikia neno moja: "Mwili kama huo, shule ya nini?" Husemwa kwa mapenzi, lakini wahenga walikwisha tuonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa hizo zinawaharibu watoto wetu, na mfano ninao.

Mwaka 2013 Mkenya Daniel Adongo alichukuliwa na Indianapolis Colts, klabu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa kofia ngumu na kuangushana. Adongo alisoma Rift Valley Academy kule Kijabe, kisha akacheza raga Afrika Kusini na New Zealand. Mchezo huu mpya hakuwa ameucheza hata siku moja. Alipewa kazi ya lainibeka, yaani mlinzi asimamaye nyuma ya safu ya mbele ili kumwangusha mpinzani mwenye mpira. Desemba mwaka ule ule alikwisha ingia uwanjani katika mechi za ligi. Hilo ni jambo kubwa, naye apewe heshima yake. Lakini majeraha yalimwandama, akacheza mechi chache tu, na mwaka 2015 klabu ikaachana naye.

Sasa mtazame lainibeka mwingine wa wakati huo, Luke Kuechly. Adongo alimzidi kimo na uzito. Hata hivyo, Kuechly alikuwa amecheza miaka mitatu katika chuo cha Boston College, na msimu wa 2011 peke yake aliwaangusha wapinzani mara 191. Mwaka 2012 alichukuliwa na Carolina Panthers. Mwaka 2013 akachaguliwa mlinzi bora wa ligi nzima.

Je, ndugu msomaji, tofauti ilikuwa mbavu? La. Lainibeka hodari huangalia jinsi wapinzani walivyojipanga, akajua mpira utapita wapi kabla haujaondoka. Kuechly alisifika mno kwa hilo. Maarifa hayo hufunzwa na walimu, mwaka baada ya mwaka. Adongo alitakiwa kuyapata kwa miezi. Na hata Kuechly, aliyeumia kichwa zaidi ya mara moja, aliacha mchezo mwaka 2020 akiwa na miaka 28 tu. Mwili huchoka mapema. Elimu ndiyo hubaki.

Basi nawaomba wazazi wenzangu: msimtoe mtoto darasani kwa sababu ana nguvu. Nanyi walimu wakuu, msiufunge uwanja kwa sababu mtihani umekaribia. Mtoto ahitaji vyote viwili, na mwalimu wa michezo anayeijua kazi yake. Mkulima wa Ganze hutayarisha shamba kabla ya wingu kuonekana. Wasaka vipaji wakija, na watukute tumekwisha lima.